Kiti Kilichosukumwa Nyuma

Muhima, Ijumaa usiku

Huu ni mwezi wa tatu sijalipa mkopo wa gari. Leo nimemweleza tena karani wa benki kwamba teksi imezuiliwa mahakamani mpaka kesi yangu na Laurenti iishe. Akajibu bila kuinua macho: "Muzee, hiyo kesi iko yenu wawili. Benki haiko ndani."

Wawili, kweli. Tulinunua gari pamoja, tukagombana juu ya jina la kuandika kwenye kadi. Tangu hapo hakuna anayebisha mlangoni kwangu jioni.

Nikapita uani mwa mahakama. Kila Ijumaa mlinzi huniacha niwashe injini, betri isife. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma tena, nami nikamlaumu kwamba analala humo.

"Si mimi, muzee. Mwenzako anakuja Jumanne. Anawasha, anakaa kidogo, anaenda."

Laurenti ana miguu mirefu. Na mimi wiki zote hizo nakivuta mbele kwa hasira.

Leo sikukivuta. Nilikanyaga mafuta kwa ncha ya kiatu, nikazima, nikafunga mlango polepole. Jumanne atakikuta sawasawa na miguu yake.