Mukuki mu Tumbo ya Shujaa Wangu

Kibabi, Jumamosi, siku ya posho

Njo Espérance, mutoto ya dada yangu, ameua shujaa wangu. Mu muchezo yake ya hadisi, kila mutu anatengeneza shujaa wake, na kurusha dé, kale kajiwe ka namba, nilikuwa nimeisha kata vichwa saba, damu inafika ku magoti. Akarusha, ikatoka moja, namba ya kufa: mukuki mu tumbo, matumbo inje.

Nikasema: "Shujaa anaamuka. Miye mu vita kule Pinga, adui walinichoma mukuki, nikaamuka, nikawafukuza."

"Muyomba, huku mu muchezo mwenye kufa amekufa. Tuonyeshe kovu basi."

Espérance na wenzake wenye kucheza wakacheka. Sikufungua shati.

Kovu haiko. Mukuki iliingia mu tumbo ya rafiki yangu Kambale. Miye nililala mu manyasi, ninaangalia. Hakuamuka.

Espérance anasema nitengeneze shujaa mupya. Huyu nitamupa miguu ya kukimbia.