Maji ya Taa Moja

Jumatatu, 5 Februari 1951
Leo imetimia miaka ishirini na tisa tangu tuhamishwe kutoka kijiji chetu cha Kwanza, upande wa Kitale. Niko Bungoma, hapa misheni, mtunza mtambo wa umeme wa maji. Asubuhi nimechomeka ufito wa kupimia maji bwawani kama kawaida. Alama ya nne kutoka chini. Juzi ilikuwa ya tano. Kijito kimekonda.
Nyumba nane, kila moja balbu tatu za wati sitini. Zinawaka hata watu wakiwa jikoni nje.

Jumatano, 7 Februari
Jana saa mbili usiku maji ya bwawa yaliisha. Taa zote zikafa. Robai, mkunga wetu, alikuwa akimshona mzazi. Alimalizia kwa kandili, na kandili haikumwonyesha vizuri damu inatoka wapi. Mama yule amepona. Nimeona aibu. Mtambo ni wangu.
Leo Robai amemsikiliza mke wa mwanangu Wafula kwa kile kipembe cha mti anachoweka tumboni. Mapacha. Wiki mbili, au pungufu.
Chumba cha wazazi hakitakosa taa tena.

Alhamisi, 8 Februari
Nimewaita watu wa nyumba zote. Nimeomba balbu moja kila nyumba, na anayetoka chumbani azime. Mwalimu Wanjala akaegemea kiti. "Mzee, si maji yanapita tu bure? Ukizima taa, ati yatarudi mlimani?"
Walicheka. Mama mmoja akasema nawatia giza kwa ajili ya wajukuu wangu. Ni kweli nusu. Nusu hiyo imeniuma.

Jumamosi, 10 Februari
Nimempeleka Wanjala bwawani. Nikampa ufito aushike mwenyewe. Nikafungua lango kama tunavyofungua taa zote zikiwaka. Maji ya bwawa yakashuka akiyaona. Nikalirudisha lango kiasi cha taa chache. Maji yakatulia. Kijito kinaleta kidogo. Mchana tunaweka akiba, jioni tunaimwaga. Akanirudishia ufito. Jioni sebule yake iliwaka vilevile. Alikuwa na wageni.

Jumanne, 13 Februari
Nimekwenda Kitale na lori la misheni kutafuta balbu za wati ishirini na tano. Mwenye duka akaniuliza, "Mzee, unawekea choo taa?" Nikamwambia naweka sebuleni. Alinihurumia.
Nimezifunga leo leo. Malalamiko. Hata kwangu kitabu kilififia.

Jumatano, 14 Februari
Mke wangu Nafula hakubishana na mtu. Alfajiri aliwachukua wanawake kijitoni, wakachimba udongo mweupe, wakapaka kuta za ndani kama wafanyavyo Krismasi. Kuta zetu zilikuwa zimekula moshi wa miaka. Zilikuwa zinameza mwanga. Mimi nimesoma vitabu vingi na sikuliona hilo. Jioni nimesoma herufi ndogo bila kusogeza kiti. Nyumba tano zimeshapakwa. Ya Wanjala bado.

Jumamosi, 17 Februari
Alama ya tano. Siiamini bado.

Jumapili, 18 Februari
Uchungu ulimshika mkamwana wangu saa kumi na moja jioni. Kwa desturi yetu siwezi kuingia alipo. Nilikaa kwenye lango la bwawa. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu.
Saa moja mtoto wa kwanza. Wa pili akakaa vibaya. Ufito, alama ya pili. Nikainua macho kwenye nyumba: zilikuwa zikizimwa moja baada ya nyingine. Sikuwa nimemtuma mtu. Ya Wanjala ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akashuka gizani akipapasa njia. "Nimezima, baba. Wageni wamekaa kwa moto wa jikoni." Tukalisukuma lango pamoja, kidogo kidogo, mpaka likabaki wazi upana wa kidole. Taa moja tu huko juu, ya chumba cha wazazi. Haikuyumba.
Saa tatu na robo Robai alituma neno. Wote wazima. Mama pia.
Wanjala alilia. Mimi sikulia mpaka nilipofika kwangu.

Jumatatu, 19 Februari
Mukhwana na Mulongo, majina ya mapacha kwetu. Wafula alikuja asubuhi na jembe, akaniuliza kondo la nyuma lizikwe wapi, maana kwetu linapozikwa ndipo nyumbani pa mtoto. Miaka yote nilijua jibu: Kwanza, kwenye boma la baba yangu, ingawa sasa ni shamba la ng'ombe wa mtu mwingine. Nikamwonyesha nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Alichimba. Nikarudishia udongo kwa mikono.
Sitarudi Kwanza.