Siri ya Baraza Uliyoondoka Nayo

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu utuache asubuhi ile hospitalini, na bado nina ugomvi na wewe. Watoto wameniambia niandike maneno mazuri ya gazetini. Nimewajibu mazuri yapo, ila na lililonikaa rohoni nitalisema.

Mazuri basi. Ulikuwa waziri unayejipigia pasi mashati mwenyewe, na kola unairudia mpaka mtu anachoka kukutazama. Uliwasaidia watoto hesabu mezani, mafaili ya wizara yakisubiri upande wa pili. Jirani akija na shida ya kiwanja ulimsikiliza mpaka chai inapoa, ukamwambia kwa upole kwamba ardhi ni wizara nyingine, na kesho yake ukamsindikiza huko mwenyewe. Hukuwahi kusema "nimeamua". Kwako kila kitu kilikuwa "tumeamua". Kitindamimba wetu akikatazwa matembezi alikuwa anakuuliza, "Baba, hilo ni lako au la baraza zima?" Ulicheka mpaka miwani inakuponyoka.

Ulipenda kuwasimulia mambo yalivyoanza. Nchi ilipokuwa changa, ulisema, mawaziri wote walienea kwenye meza moja, na mmoja aliweza kubebeshwa afya, elimu na kazi kwa pamoja, akaja ofisini na gari lake bovu. Baadaye wizara zikagawanywa, zikaunganishwa, zikagawanywa tena. Wewe mwenyewe uliwahi kuhamishiwa wizara ambayo rangi ya kibao chake ilikuwa haijakauka. Yaliyobaki vilevile, ulisema, ni mawili: kiapo cha kutunza siri, na sharti kwamba mkishabishana ndani mnatoka nje na neno moja. Asiyeweza kulibeba ajiuzulu. Watoto walisinzia. Mimi nilisikiliza tu, na leo natamani ningebisha.

Maana ndipo likaja la karakana ya reli. Baraza liliamua ifungwe, na wewe waziri wa uchukuzi ndiye uliyetangaza. Kaka yangu alikuwa fundi pale tangu ujana wake, rafiki yako kabla mimi sijakujua, na ndiye aliyetukutanisha. Akapoteza kazi pamoja na wenzake. Tangu hapo hakukanyaga kwetu. Ulipougua hakuja. Msibani alisimama nje ya geti, akaondoka bila kuniaga.

Nilikuuliza, si nilikuuliza? Jikoni, garini, mpaka pale ulipolazwa. "Ulikubali au ulikataa?" Ukanijibu lile lile: "Mama watoto, likishaamuliwa ni letu sote." Kama ulikataa, neno moja tu lingemrudisha kaka yangu. Kama ulikubali, basi tungejua tunaomba radhi ya nini. Ukanyamaza, mbishi wewe, ukaenda nalo kaburini, ukaniachia mimi lawama za ukoo mzima. Limeniudhi mwaka mzima, na sioni haya kuliandika.

Jumamosi tulikukumbuka hapa nyumbani. Yule rafiki yako aliyekuwa waziri wa kilimo alikuja, siku hizi anatembelea mkongojo. Na kaka alikuja pia, kwa sababu nilimtumia ujumbe kwamba safari hii atapata jibu. Nikambana mgeni mlangoni mwa jiko.

"Shemeji, wewe ulikuwemo ndani. Kaka yangu yuko sebuleni. Nenda kamwambie mume wangu alisimama upande gani, basi."

Akanitazama kwa huruma. "Nikisema yeye alisimama wapi, shemeji, nimeshasema na wengine walisimama wapi. Niliapa kama yeye."

Nilimsihi, nikamkaripia. Akaomba maji ya kunywa. Ndivyo mlivyo wote.

Nikarudi sebuleni mikono mitupu. Kaka alikuwa amekaa karibu na mlango, koti hajalivua, kofia magotini. Nikamwambia ukweli, kwamba jibu sina na sitalipata.

"Jibu la nini?"

"Kama shemeji yako alipinga karakana kufungwa."

Akatikisa kichwa. "Dada, nani kakuambia nataka hilo? Karakana ilikuwa inajifia, mafundi wote tulijua, vipuri hakuna. Mimi nilikula naye hapa hapa Jumapili, akaniuliza habari za watoto, tukacheka. Jumatatu nikasikia redioni, spana mkononi, mbele ya vijana wangu. Wakanigeukia wote wakidhani nilijua nikawaficha. Sawa, aliapa, hakuweza kuniambia kabla. Je, baada? Nilimngoja aje. Nilimngoja miaka. Aje akae, aniambie pole. Na hilo nalo waliapa?"

Mimi niliyewapikia Jumapili ile nami nilisikia redioni. Mwaka mzima nimehangaika na siri ya baraza, kumbe kaka yangu hakuwa na haja nayo. Hakuna kiapo kilichokuzuia kwenda kwake Jumanne, mume wangu. Ulikuwa unaona aibu. Ungeniambia hivyo tu, ningekushika mkono twende wote.

Nimempa pole kwa niaba yako. Ameipokea, akavua koti, akala na watoto. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Ahsante dada. Ila ningependa kuisikia kwake."

Unakumbukwa na mimi mke wako, watoto wetu na wake na waume zao, wajukuu, dada zako, na shemeji yako fundi, ambaye ameomba mwenyewe awekwe humu. Hatutakusahau, hata siku tunapokukasirikia.