Chupa Namba Nne

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Je, mguu wa shemeji umepona? Na yule mdogo, ameanza kutambaa? Sisi huku tunapumua, lakini siwezi kuandika kwamba hatujambo. Shangazi anakusalimu, anasema umeadimika kuliko mvua.

Uliniuliza kazi yangu ikoje tangu nimalize shule. Nipo idara ya maji, chumba cha vipimo, chini ya yule mwalimu wako wa zamani uliyemwomba anipokee. Siku hizi ni mpimaji mkuu, na wote wanamwita Bwana Nukta, kwa kuwa hasomi namba bila kuitaja nukta yake. Kila Jumanne natoka na kikapu cha chupa sita kwenda kwenye mabomba sita ya mitaani. Nafuta mdomo wa bomba kwa spiriti, naupitishia moto, naacha maji yatiririke kidogo, kisha nakinga. Nikirudi, yeye anazitia dawa na kuzilaza kwenye kabati la joto. Kesho yake, maji yenye vijidudu huwa yamegeuka manjano.

Shuleni tulikariri kwamba maji safi hayana rangi, harufu wala ladha. Siku ya kwanza nilimjibu hivyo, akanicheka. Alisema hata maji ya kuua yanaweza kukosa vyote vitatu. Maji hayabagui, alisema. Yanabeba chumvi, sukari na kinyesi kwa upole uleule, na ndiyo maana kila chenye uhai duniani kinaishi kwayo na kinaweza kufa kwayo. Tena akanieleza kwamba bomba lililojaa husukuma nje, lakini maji yakikatwa, bomba tupu lenye ufa hunyonya chochote kilicho jirani. Nilipenda kumsikiliza, dada. Aliyasema maji kama mtu anayewasema majirani zake.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita ugonjwa wa kuhara ulizuka mtaa wa mafundi. Watu kumi na wanane walilazwa. Binti wa fundi cherehani, yule mama aliyetushonea sare za shule, alifariki. Alikuwa na miaka minne. Nilikwenda msibani na shangazi, nikakaa nyuma karibu na mlango. Mama yake hakuwa akilia. Alimuuliza kila aliyeingia kama kweli maji yale hayakuwa meupe, maana alimnywesha kwa mkono wake mwenyewe, na yalikuwa meupe pee.

Walipochimba walikuta bomba la mtaa ule limepasuka pale linapokatiza mtaro wa maji machafu. Kila maji yalipokatwa kwa mgao, lilinyonya uchafu ule. Wakubwa wakauliza mbona vipimo vya wiki tatu vinasema maji ni salama. Sahihi ni ya Bwana Nukta. Wamemsimamisha kazi, na Jumatatu kamati inakaa kumjadili. Ofisini wanasema alikuwa anajaza namba bila kupima. Dereva wa idara amesema kumbe zile nukta zote alikuwa anazitoa mfukoni, watu wakacheka. Bwana Nukta mwenyewe alipoulizwa kama msichana wake wa chupa, yaani mimi, anafanya kazi sawasawa, alijibu kwamba msichana anakinga pale anapotumwa, na hana shaka naye hata chembe. Nilikuwa nimesimama palepale nikiosha chupa. Niliendelea kuosha.

Dada, alipima. Alipima kile kilichokuwamo ndani ya chupa.

Chupa namba nne ilitakiwa ijazwe uani kwa fundi cherehani. Barazani kwake hukaa wateja wake, wanawake wenye ndimi kali. Mara ya kwanza nilipopiga hodi, mmoja alipaza sauti kwamba idara ya maji imefilisika, sasa inatuma mabinti kuomba maji kwa vichupa vya dawa. Mwingine akaniuliza nimefuata maji au nimefuata mchumba. Walicheka hadi kushikana mabega. Fundi mwenyewe aliwakemea, akanishika mkono akanipeleka bombani, lakini mimi nilikuwa nimekwisha. Unanijua, mimi heri nichapwe kuliko kusimama mbele ya watu. Jumanne iliyofuata nilifika kwenye kona, nikasikia vicheko vyao, nikageuka. Nilirudi kwenye bomba namba tatu, langoni mwa soko, ambako mlinzi hasemi na mtu, nikajaza chupa mbili. Moja nikaibandika tatu, nyingine nne. Nilijiambia maji ni maji, yote yanatoka tangi moja. Nilifanya hivyo Jumanne tatu.

Kila nikikaa nafikiria ni Jumanne ipi ile chupa ingegeuka manjano. Kama ni ya kwanza, yule mtoto angekuwa hai. Kama ni ya pili, labda. Sitajua kamwe, kwa sababu maji yale yalishapita.

Jumatatu nitaingia kwenye kamati kabla Bwana Nukta hajaitwa. Nimeandika yote kwenye karatasi ili wasome wenyewe. Kisha nitakwenda kwa fundi. Yeye sitampa karatasi, nitamwambia kwa mdomo wangu. Najua ungeniambia ninyamaze, kwamba mimi bado mtoto, na maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana barua hii naipeleka posta Jumamosi jioni, ikufike nikiwa nimeshasema. Nisamehe, maana ni wewe uliyeniombea kazi kwake.

Msalimie sana shemeji, na wapakate watoto kwa niaba yangu. Maji yao ya kunywa uyachemshe kila siku, hata ukiyaona meupe.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho