Ukuta wa Bwana Harusi

Tanga, 3 Machi 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu, hasa kiuno cha Baba. Mafunzo ya ulinzi wa hifadhi yanakwenda vizuri.

Mama, mwenzangu wa doria kaniletea habari mbaya. Matumbawe ya pembe, hapo mbele ya Utende, yamevunjwa kwa mtaimbo. Unakumbuka mwaka jana bahari ilivyopata joto, mwamba karibu wote ukafa ukabaki mweupe? Yale ndiyo yaliyosalimika. Yakiisha, hakuna mbegu ya mengine, na samaki watahama. Mtu anayachoma chokaa! Namshuku jirani yetu Jumanne. Hebu fungua macho.

Mwanao,
Muhidini

Utende, 20 Machi 1999

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kiuno cha Baba yako kimepata nafuu, siku hizi anatoka alfajiri harudi mpaka jua kali.

Huyo Jumanne mwache. Kikohozi kimemshika, mtaimbo atauinua na nini? Usitaje jina la mtu kwa wakubwa wako.

Wewe waza harusi. Wakwe zako wa Kirongwe wameleta neno: Arafa haingii nyumba ya udongo mtupu. Na haki yao, kwetu bwana harusi hujulikana kwa ukuta wake. Basi njoo uone, nyumba yako inang'aa!

Mama yako

Tanga, 2 Aprili 1999

Mama,

Shikamoo. Natumai hamjambo.

Tangu lini Jumanne akawa mtu wako? Juzi tu kuku wake walikula mpunga wako, mkanuniana mwezi mzima. Leo unamtetea! Au ndiye aliyewapa chokaa ya ukuta wangu ili mfunge mdomo? Naona haya kuuliza, lakini nauliza. Jina lake nimekwishalipeleka kwa mkubwa wangu.

Mwanao,
Muhidini

Utende, 14 Aprili 1999

Muhidini,

Marahaba. Ya afya usiulize.

Jumanne wamemchukua jana, na kikohozi chake. Mkewe alikuja hapa. Alisimama uani, akautazama ukuta wako, akaenda zake bila kusema neno. Wallahi nilitamani anitukane.

Chokaa hatukupewa na mtu. Tanuru liko nyuma ya minazi yetu. Baba yako alisema mawe makavu yanakula kuni nyingi, haya mabichi ya baharini yanaiva upesi na chokaa yake laini, na mtoto mwenyewe tunaye mmoja. Nilikukataza usitaje jina. Kusema zaidi ya hapo niliogopa, nilikuogopa wewe mwanangu.

Asubuhi hii nimemsomea Baba yako barua yako. Kavaa kanzu yake ya Ijumaa, kaweka mtaimbo begani, kaenda ofisi yenu ya hifadhi hapa Utende kumtoa Jumanne. Mpaka sasa hajarudi.

Watu wa Kirongwe wamekuja kuuona ukuta, wameupenda sana. Wanauliza unakuja lini. Sijawajibu.

Mama yako