Kwa Dancan Ondieki, Mwenye Meza ya Desemba

Mwaka umetimia, Dancan, tangu asubuhi ile ya Januari moyo wako uliposimama ghafla chumbani mwako Al Qusais, na bado mkono wangu huiendea simu kila nikitoka zamu, nikupigie. Anayeandika ni mimi dada yako Mercyline, kwa niaba ya Mama, ya mkeo Lynette na ya nyumba nzima. Ulizoea kusema nina mdomo, basi wameonelea mdomo huo ufanye kazi.

Baridi ya Dubai imerudi. Unaijua ile baridi yetu ya kuchekesha: watu wanavaa masweta na mitandio kwa kibaridi ambacho kule kwetu Nyamira mtoto angetoka nacho kifua wazi kwenda kuchota maji. Mikahawa imetoa meza nje na asubuhi ukungu unaificha minara ya Marina. Jioni ya kwanza ya namna hiyo nilivaa lile sweta langu la kijani ulilosema linanifanya nifanane na askari wa benki, nikaketi kitandani nikalia. Kwenye mazishi sikulia, nilikuwa na kazi ya kupanga watu na viti. Nimelia sasa.

Asiyekujua angedhani msimu huu ulikuwa wa kupumzika kwako. Ulikuwa kazi juu ya kazi. Ule mkahawa wa Kiairishi uliofanyia kazi, ndani ya hoteli kule Marina, ulijaa kuanzia Desemba, na ndipo vyakula vya kwao vilipowasili kwa ndege: siagi ya chumvi iliyofungwa kwa karatasi, samaki wa samoni aliyekaushwa kwa moshi wa kuni, jemu ya matufaha, asali, na jibini kutoka mashamba madogo ambayo ulijua mpaka majina ya ng'ombe wake, au ulijifanya unajua. Hakuna kilichotoka kiwandani.

"Sista," uliniambia mara ya kwanza uliponionjesha ile jibini yenye mishipa ya buluu, "hii imetengenezwa na mama mmoja na binti yake, hapo tu nyumbani kwao. Ni kama vile Mama anavyotengeneza maziwa mala kwenye kibuyu. Hao ni watu kama sisi."

Nikakujibu kwamba mala ya Mama hainuki soksi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukanipakia ile jibini juu ya kipande cha mkate, ukaongeza asali kidogo, ukanitazama nikitafuna. Ulipenda sana kumtazama mtu akila kitu kwa mara ya kwanza, na mimi nilijikaza nisikuonyeshe kwamba kimenikolea. Kilinikolea.

Lakini kazi yako hasa ilikuwa mvinyo. Wageni wakiketi, wewe ndiye uliyewashauri wanywe nini na chakula gani. Na katika mvinyo wote, roho yako ilikuwa kwenye ule mtamu wa mwisho wa mlo, wa rangi ya asali, unaomiminwa katika vibilauri vidogo. Ulinieleza kwamba zabibu zake huachwa mtini mpaka zikunjamane, watu wakidhani mwenye shamba amelala, kumbe anangoja sukari yote ikusanyike ndani. Ulisema mvinyo huo ndio rafiki wa jibini yenye chumvi, kwamba kila mmoja humtuliza mwenzake. Zamuni uliuonja na kuutema, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyotaka. Siku yako ya raha ulikunywa bilauri moja, polepole, ukinusa zaidi ya kunywa.

"Unanusa nini kwani?" nilikuuliza.

"Machungwa. Halafu njugu zilizokaangwa. Halafu kuna kitu cha nyumbani, cha utotoni kabisa, lakini jina lake limenipotea. Na wewe usikunywe kama soda, bana!"

Nilikunywa, ndiyo. Mama akisomewa hapa, ajue hivyo pia.

Siku hiyo ya raha ilikuwa Jumapili moja kila Desemba. Bosi wenu, Sir Fintan, alikuwa na desturi ya kuufunga mkahawa mchana huo, kila mfanyakazi akija na ndugu yake kula vile vile walivyokula wageni. Alisema mtu hawezi kusifu chakula ambacho jamaa zake hawakijui. Mimi nilitoka Al Rigga, pale ninapofanya kazi ya mapokezi, nikakuta umenivutia kiti. Mpishi wenu Jovia, yule Mganda mwenye sauti ya kwaya, alileta mkate wa kahawia ukiwa bado moto, na siagi ikayeyuka kabla ya kisu kuondoka. Nje hewa ni baridi, ndani tumekaa kwa kubanana, kila mtu akisema Kiswahili cha kwao. Sijapata kula kwa furaha kama hiyo tangu nitoke nyumbani.

Hata hivyo kulikuwa na kiti ulichokuwa ukikitazama kila mwaka. Ulitaka kumwona Mama amekikalia.

Mama yetu, Teresiah Kerubo, ni shemasi katika kanisa la Kisabato, na kwake pombe ni pombe, iwe kwenye kibuyu au kwenye bilauri ya hoteli. Mtu mmoja wa kijijini, Mungu amsamehe maana mimi bado, alimwonyesha picha yako ukiwa umeshika chupa na kitambaa cheupe mkononi. Mama alikupigia simu siku hiyo hiyo.

"Dancan, sikukulea utumikie ulevi."

Hakutukana, hakukata simu. Ila tangu hapo hakukuuliza tena habari za kazi. Alikuuliza kama umekula, kama umesali, kama una blanketi. Ulipopandishwa cheo ukamweleza, alikuuliza kama maji ya huko yananyweka. Tukiwa kwenye treni tunarudi Al Qusais uliniambia, "Mimi sitaki akubali pombe, Mercy. Nataka aniangalie nikifanya kazi yangu mara moja, halafu asione haya." Ulisema ukitazama dirishani.

Desemba ya mwaka 2016 ukamleta. Wiki nzima alinung'unika kwamba safari imemkosesha Meza ya Bwana ya kufunga robo mwaka, yeye ambaye ndiye huoka ule mkate usiotiwa hamira. Wasomaji wasio Wasabato wafahamu kwamba kwetu kikombe cha meza hiyo ni maji ya zabibu yasiyochachuka, na hakuna anayeikaribia kabla ya kutawadhana miguu. Hata mkubwa wa kanisa hupiga magoti mbele ya mwenzake na beseni la maji.

Jumapili ilipofika, nilimshika Mama mkono tukaingia mkahawani. Uliona alivyotazama. Kitambaa cheupe mezani. Watu wamesimama kimya, wamevaa vizuri. Jovia akaweka ule mkate wa kahawia, nawe ukaumega kwa mikono.

"Mmetia hamira?" Mama akauliza.

"Hapana Mama," Jovia akajibu kwa fahari. "Huu wetu hauna hamira hata kidogo. Ni magadi na maziwa mala."

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha ukarudi na chupa, mavazi meusi na kitambaa mkononi, ukaanza kumimina ule mvinyo wa dhahabu katika vibilauri vidogo, kimoja kimoja, bila kudondosha tone. Nilimwona Mama anapumua kwa ndani. Akainama, akavua viatu, akaviweka kando kwa utaratibu.

"Beseni liko wapi?" akasema. "Au huku Arabuni mnashiriki bila kutawadhana?"

Nilitamani sakafu inimeze. Sir Fintan akamgeukia Jovia, na Jovia akanong'ona, "Sir, wait kidogo. Yalla, haya, simama tu." Mimi nilijua kwamba neno moja lako, "Mama, hili si kanisa," lingemaliza mambo, naye angevaa viatu vyake kwa aibu asirudi tena. Hukulisema. Ulichukua ile ndoo ya fedha ya kupozea chupa, ukamwaga barafu, ukatia maji ya uvuguvugu, ukaja ukapiga magoti. Wanawake hutawadhwa na wanawake, lakini Mama hakukukataza. Ulimwosha miguu yake yenye nyufa polepole, ukaikausha kwa kile kitambaa cheupe cha kazi. Taib, kijana wa Mombasa aliyekuwa mlangoni, alivua kofia yake ya sare.

Ulipomaliza hukusimama. Ulibaki chini, ukamtazama.

"Mama, sasa nikwambie ukweli. Hii si Meza ya Bwana. Huu ni mvinyo, na umechachuka. Kuumimina ndiyo kazi yangu, na sikutaka unionee haya kabla hujaniona. Nisamehe kwa kutokwambia kabla hujavua viatu."

Mama aliitazama miguu yake. Nilihesabu makosa yangu yote ya maisha nikimngoja. Mwishowe akasema, "Umeniosha vizuri. Inuka, unachafua suruali ya watu."

Hakunywa. Aliisukuma bilauri kidogo, kisha kama mtu aliyebadili mawazo akaivuta, akainusa vile ulivyozoea kufanya wewe.

"Mapera," akasema. "Mapera yaliyoiva mno yakasahauliwa kapuni."

Ulipiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka! Ndicho kile kitu cha nyumbani ulichokuwa umekitafuta jina. Tangu siku hiyo uliwaambia wageni kwamba mvinyo ule una harufu ya mapera, na kwamba aliyekufundisha ni mama yako, shemasi. Wengi walidhani unatania.

Mama alikula samaki wa moshi akasema ni binamu wa yule wa Kisumu. Alikula mkate vipande vingi na siagi ya kufuru. Ile jibini ya buluu aliigeuza kwa kisu, akauliza kwa upole kama mkahawa hauna friji. Alimwombea Sir Fintan baraka kwa Kiswahili kirefu, naye akaitikia "Amina" mahali pasipostahili, lakini aliitikia kwa moyo.

Mlangoni mkiagana, Mama alikushika shavu. "Nimekuona," alisema. "Lakini kanisani sijui nitawaambia nini."

"Usiwaambie kitu, Mama. Umekuja, inatosha."

Haikutosha. Nilikujua, nikaona ulivyokunja kile kitambaa na kukikunjua.

Desemba iliyofuata ulikuwa nasi, na tulikula na kucheka, na Mama alituma salamu kwa Jovia. Mwezi uliofuata ukaondoka. Tulikurudisha Nyamira kwenye mvua. Wasifu wako uliposomwa, walisema ulisoma wapi, ulibatizwa lini, uliimba sauti gani kwenye kwaya, kwamba ulimpenda mkeo na mwanao Jeremy. Ilipofika kwenye kazi, walisema ulikuwa Uarabuni kwa shughuli za kutafuta maisha. Basi. Ile miaka yote ya kusimama, ya kujifunza mashamba na mizabibu ya watu, ya kuwafanya wageni wajisikie wamefika kwao, ikawa shughuli. Mama alikuwa amekaa mbele ameinamisha kichwa. Niliumia, Dancan, na kwa hasira nilikataa kula chakula cha mazishi.

Juzi nilipomaliza kuandika maneno ya kwanza, yasiyotaja mvinyo popote, nilimpigia Mama nimsomee kabla hayajapelekwa gazetini. Mwanzoni kabisa, kwa kumheshimu, nilikuwa nimeandika kwamba mwanawe alikuwa mfanyakazi wa hoteli. Akanikatiza.

"Mercyline. Mwanangu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Si unajua, Mama."

"Najua. Basi andika."

"Mama, hili gazeti linasomwa mpaka kanisani. Mzee wa kanisa atalisoma."

"Ndiyo maana nakwambia uandike. Hata mvivu akifa husomewa alichokuwa akifanya. Mwanangu alikuwa na kazi, akaifanya kwa adabu, na siku ya kumzika nikaruhusu aitwe mtu wa shughuli. Alinitaka nisione haya, nami nikaona. Sasa andika wazi wazi. Asiyependa, afunge gazeti."

Nilimsikia akipenga kamasi upande wa pili. Kisha akaniuliza kama nina blanketi.

Nimeandika, mdogo wangu. Yale ya kwanza nimeyafuta, nikaandika haya yote, na yale ya chini ni maneno ya Mama mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyonitamkia kwenye simu.

Unakumbukwa na mama yako, Teresiah Kerubo, shemasi, mkeo Lynette, mwanao Jeremy, dada yako Mercyline, na wenzako wa Marina, Jovia, Taib na Sir Fintan. Hatutaacha kukukumbuka maadamu tunapumua, Dancan Ondieki, mmiminaji wa mvinyo, mwanangu.