Kwa Eliwaza, Niliyemtoa Garini

Shoga yangu Eliwaza,

Tanga imeshaanza Krismasi yake. Hapa Chumbageni watu wamekata matawi ya mivinje kama kila mwaka, wameyasimamisha kwenye ndoo za mchanga, wamebandika pamba juu eti ndiyo theluji, na jua lenyewe hili la kupasua kichwa. Wewe zile pamba zilikuwa zikikuua kwa kicheko. Ulikuwa ukisema sisi watu wa joto tunajitia homa ya baridi ya wenzetu. Jana nimezikuta dukani zimepangwa mpaka mlangoni, nikasimama nikacheka peke yangu kama mwehu. Muuzaji akaniuliza, "Dada, nikupe nini?" Nikatoka bila kununua hata sindano niliyoifuata.

Sijui barua hii niipeleke wapi. Hujapiga tena simu, mwaka wa tano huu. Nimeamua kuiacha wazi, anayesoma na asome, labda yuko mtu huko Uarabuni aliyewahi kukuona sokoni au kwenye jiko la tajiri fulani. Nasema labda kwa mazoea tu. Mimi mwenyewe siliamini tena hilo neno.

Unakikumbuka chumba chetu? Kitanda kimoja, neti moja, na lile dirisha lililokataa kufunga. Mimi na cherehani yangu barazani, wewe kule steshenari ukichapa barua za watu za kuomba kazi, jioni ukija unanisimulia nani kadanganya ana miaka mingapi. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ukoko wa wali. Sufuria ikiepuliwa tu, unaanza kukohoa. "Ukoko ni dawa ya kifua, Rehema, mwachie mgonjwa." Mgonjwa gani, jamani, mwenye meno ya kuparura sufuria vile! Nilikuwa nakupiga mwiko wa mkononi, na bado unakula.

Pale pale chini ya neti ndipo tulipoahidiana kwamba atakayetangulia kuolewa, mwenziwe ndiye mpambe. "Lakini usije ukanivalia gauni la kunizidi," ukasema. Nikakujibu, "Nikikuzidi haitakuwa gauni, itakuwa sura." Ulinisukuma nikaanguka kitandani, na mama mwenye nyumba akagonga ukuta tunyamaze.

Mume alipopatikana, hukumtafuta wewe. Alipatikana tu. Watu wa Muheza walikwenda kwenu Maramba wakazungumza na wajomba zako na shangazi yako Namsifu, wakala, wakasali, mambo yakaisha. Mtu wa kanisani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anawaamkia wazee shikamoo mpaka wanaona haya. Uliporudi mjini ukaniambia, "Ni mtu mzuri." Ukasema tena, "Ni mtu mzuri." Mimi nilikuwa nimeshashika vipande vya vitambaa mkononi, nakuonyesha rangi. Sikukuuliza kitu kingine zaidi ya rangi. Ukachagua ile nyekundu iliyoiva ya damu ya mzee, kwa vile ndiyo niliyokuwa nimeiweka juu.

Harusi ikapangwa Jumamosi baada ya Krismasi, kama harusi zote za kwetu, maana ndipo ndugu wanaporudi nyumbani na mchele uko tayari. Siku hiyo kanisani zilikuwa harusi tatu, na yenu ilikuwa ya katikati.

Kile kicheni pati chako sitakisahau mpaka naingia kaburini. Shangazi Namsifu kasimama katikati ya akina mama, kajifunga kanga kiunoni, anafundisha. "Mwari wa kwetu hashuki garini kama abiria," akasema. "Anagoma. Analia. Anasema sitaki. Yule anayeruka chini upesi watu watasema huyu alikuwa na njaa ya mume. Na wewe Rehema, mpambe, kazi yako ni kumshika mkono umtoe. Usimwonee huruma, huruma yako itatuaibisha."

Tukafanya mazoezi. Kochi likawa gari, mimi nikawa mpambe. Eli wewe! Ulijitupa pale ukapiga kelele, "Sitaki! Nirudisheni kwa mama yangu!" Ndara moja ikaruka ikatua kwenye sinia la maandazi. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nikakuvuta, tukaporomoka wote mkekani, wanawake wakapiga vigelegele. Mama yako akasema huyu kaiva, hana la kufundishwa tena. Kisha ikaletwa chai.

Na sasa niseme la garini, maana ndilo lililonishikisha kalamu.

Gari lilisimama mbele ya kanisa. Matarumbeta yanalia mpaka mbavu zinatetemeka, watu wa harusi iliyotangulia bado wanapiga picha ngazini, watu wa harusi ya tatu wameshaanza kufika. Nyuma tulikuwa watatu: wewe katikati, mimi kulia kwako, na mdogo wako Stela kushoto, wakati ule ana miaka kumi na mitatu, kapewa kazi ya kushika shela lisiburuzike. Mlango wa upande wangu ukafunguliwa. Mimi nikashuka, nikakupa mkono. Hukushuka.

"Anagoma! Anagoma!" Akina mama wakalipuka. Shangazi zake bwana harusi wakaanza kutandika kanga chini na kukuimbia. Nikainama kukuchungulia, nacheka. Ukaniambia, "Rehema, sitaki."

Hukupiga kelele. Ulisema taratibu, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Mimi kwa ujinga wangu nikakujibu, "Safi, kaza hapo hapo, wanakuona."

"Sitaki. Mwambie dereva aondoe gari."

Haya ya dereva hatukuyafanyia mazoezi. Ile kwenye mazoezi ilikuwa nirudisheni kwa mama. Kucha zako zilikuwa zimeniingia kwenye mkono, midomo imekukauka, na jicho lako halina chozi hata moja. Wanaoigiza kilio huwa wanalitafuta chozi, wewe hukulitafuta. Watu nimewaambia miaka yote hii kwamba sikujua. Nisikudanganye na wewe. Nilijua. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu.

Basi shangazi Namsifu akanigonga begani. "Mtoe, mpambe! Mchungaji anasubiri, wenzetu wako nyuma yetu!" Nikafikiria mchungaji. Nikafikiria pilau lililokwisha kupakuliwa, wajomba zako waliotoka Maramba alfajiri, magauni matano niliyoyashona kwa mikono yangu. Nikafikiria kila kitu isipokuwa wewe. Nikakuvuta. Na sikukuvuta kwa mchezo, Eli. Nilikuvuta kama mtu anayeng'oa muhogo, kwa mikono miwili, mguu nimeuegemeza kwenye gari. Ukatoka. Watu wakashangilia, mzee mmoja akasema mpambe huyu hodari, na mimi nikatabasamu. Jioni nikacheza mpaka kiatu kikakatika.

Mwaka ulipozunguka nilikuja Muheza kukuona. Nilitegemea nini hata sijui. Mumeo hakuwa mtu wa kupiga, hilo nilisema wazi hata kwa waliotaka kusikia vingine. Alikuwa mtu wa kuamua. Kaamua kazi uache, kaamua simu ikae kwake, kaamua siku ya kwenda kwa mama yako na siku ya kurudi. Kwa sauti ya upole, na bila kukuuliza. Ulinikaribisha jikoni ukanimiminia chai. Nikasema, "Mbona umepungua hivi, shoga yangu?"

"Nilikwambia sitaki."

"Nilidhani ni yale ya shangazi."

"Najua ulidhani," ukasema, ukanisogezea andazi. Hukukasirika. Afadhali ungenimwagia ile chai. Nililala na maneno hayo mwaka mzima, na ukoko wa sufuria yangu ukawa unaliwa na kuku wa jirani.

Halafu ile simu yako kutoka Mombasa, kwa namba nisiyoijua. "Nimeshavuka mpaka pale Horohoro. Kuna kazi za ndani Uarabuni, wametupatia pasi za kusafiria, tunaondoka. Usimwambie mtu mpaka nikupigie nikifika." Nikaapa. Nikanyamaza wiki mbili nzima, kwenu Maramba wanalia, mumeo anazunguka na picha yako, mimi kimya. Safari hii niliamua nitakusikiliza, neno kwa neno. Kumbe ndiyo siku niliyotakiwa nisikusikilize. Nilipofungua mdomo, wakala aliyekupeleka alishafunga ofisi, na mwenye ile namba akasema yeye aliazimwa simu tu na msichana mmoja njiani.

Wanawake wanaorudi kutoka huko nawafuata mpaka majumbani kwao. Nawaonyesha picha yako. Wanaiangalia kwa adabu, wanasema, "Nchi kubwa ile, mwenzangu." Mama yako anachaji simu asubuhi na jioni, haina kazi nyingine. Zamani nilikuwa namwambia atapiga tu, mama. Siku hizi sisemi, na yeye haniulizi. Tunakaa. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu, Eli, na bado anakula kwangu.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike leo.

Stela anaolewa. Jumamosi hii baada ya Krismasi, kanisa lile lile. Ana miaka ishirini. Wiki tatu zilizopita mama yako na shangazi Namsifu walikuja barazani kwangu, wakakaa kwenye benchi la wateja. Shangazi akasema, "Mpambe ni wewe. Wapo wa rika lake, lakini hawana nguvu. Mkono wako tunaujua." Nikamtazama mama yako nikitegemea atamnyamazisha. Akawa anakunja ncha ya kanga yake. Nikataka kusema aka, hapana, tafuteni mwingine. Nikasema, "Sawa, shangazi." Ndivyo nilivyo. Umeishi na mimi, unanijua.

Nikajiambia, lakini safari hii nitauliza. Mungu ananipa nafasi ya pili, nitauliza mapema, kabla ya gari, kabla ya matarumbeta. Niliishika ahadi hiyo kama mtu aliyepata dawa. Kwa siku kadhaa hata usingizi ulinirudia.

Juzi akaja kujaribu gauni. Nikafunga mlango wa chumba, nikamsimamisha juu ya kigoda. Anafanana na wewe mabegani, hata lile bega la kushoto kushuka kidogo. Nikawa nabana pini kiunoni, mpaka nikasema, "Stela, mdogo wangu, hapa tuko wawili tu. Unamtaka huyu mtu?"

Akanitazama kutoka juu pale. "Dada Eli ulimuuliza?"

"Hapana."

"Yeye alikwambia bila kuulizwa. Mimi nilikuwa upande wake wa pili mle garini."

Nikainamia pini zangu. Akasema, "Simtaki. Haya, mimi nimeulizwa na nimejibu. Utafanya nini?"

Nikasema nitazungumza na mama. Akasema, "Mama anajua. Na ya dada Eli alijua, ndiyo maana hapendi kukutazama usoni." Nikasema basi shangazi. Hapo akacheka, Eli, kwa puani, kama wewe. Nikasema tuondoke, nitakutorosha, nina ndugu yangu mahali. Akaniuliza, "Nivuke Horohoro?"

Niliyatafuta maneno, haki ya Mungu niliyatafuta. Miaka saba nimeamini kwamba kosa langu lilikuwa kutosikia. Juzi nimesikia kila neno, mlango umefungwa, hakuna tarumbeta wala shangazi mgongoni, na nikabaki nimesimama na pini mdomoni.

Stela akaona hivyo. Akanihurumia, nadhani. Akainua mikono yote miwili juu, akasema, "Malizia kwapani, dada, pananibana." Nikamalizia.

Eli, nilitaka kukuomba msamaha katika barua hii, na nimegundua sina haki nao. Msamaha huombwa kwa jambo lililokwisha. Jumamosi saa nane mchana mlango wa gari utafunguliwa, Stela hatashuka, watu watashangilia, na mkono utakaoingia ndani kumshika ni huu huu unaokuandikia. Nimeutazama usiku na mchana nijue utafanya nini. Naujua.

Kama uko hai, usirudi kwa ajili yangu. Lala salama popote ulipolala.

Mpambe wako,
Rehema